Kadi Iko

Kiema alifanya kazi miaka ishirini na minne kwenye kiwanda cha Magadi, akastaafu na vitu viwili: kipande cha ardhi Kitengela na mdomo. Kwenye ardhi alijenga nyumba. Mdomo aliulisha habari za mwanawe Makau, aliyeenda kusoma Amerika mwaka wa 2002 kwa harambee ya kanisa zima.

Mwaka wa pili Makau alituma picha, ameshika kadi ya benki, meno yote nje. Basi! Kiema akaitia ndani ya Biblia, na kila Jumapili ilitoka kabla ya Neno la Mungu. "Benki ya wazungu imeamini kijana yangu," aliwaambia watu. "Anaingia duka, anaonyesha tu kadi, anabeba vitu. Mwisho haina."

Mkewe Syokau aliujua ukweli, maana Makau alimweleza kwa simu. Benki tatu zilimkataa: mgeni, mwanafunzi, hajawahi kukopa popote, nani amjue? Ya nne ilimtaka aweke kwanza dola mia tatu zake mwenyewe, alizopata kwa kuosha vyombo jikoni mwa chuo, kisha ikampa kadi ya kukopa dola mia tatu, isizidi hata senti. "Mama, ni kama kujikopesha pesa zangu, ndio siku moja waniamini," alisema. Syokau alimweleza mumewe, akamweleza tena. Kiema alisikia, hakuwa kiziwi. Picha ikabaki ndani ya Biblia.

Kisha Syokau akapatwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema apasuliwe kabla ya mwezi kwisha, na gharama aliyotaja ilizidi uwezo wao mbali. Kuuza ardhi haikuwezekana, hati ilikuwa bado haijatoka. Ilibaki harambee. Kamati ya kanisa ikaja Jumapili saa nane mchana, ikiongozwa na Gakuru, tajiri wa kuuza ploti, ambaye kijana wake alinyimwa visa ya Amerika mara tatu na ambaye ile picha ilikuwa imemkaa kooni.

Syokau alikuwa amelala chumbani. Kati yake na sebule kulikuwa na pazia tu. Alisikia chai ikimiminwa, akamsikia Gakuru akikohoa kwa adabu.

"Mzee Kiema, sisi tuko tayari. Lakini watu wanauliza. Kanisa iko na wajane, iko na mayatima. Wewe uko na mtoto majuu, ako na kadi ya benki, ni wewe ulituonyesha. Sasa tuambie, hiyo kadi iko ama haiko?"

Swali lilikuwa jepesi. Syokau alishika ukingo wa kitanda, akamwomba Mungu mumewe akubali aibu ya dakika moja tu. Mtu aliyevumilia joto la Magadi miaka yote ile hakuweza kuvumilia macho ya wanakamati saba.

"Kadi iko," Kiema akasema.

Syokau akainuka. Alijikokota hadi kwenye pazia, akalivuta. "Hakuna kitu kwa hiyo kadi," alisema. "Ni pesa kidogo ya mtoto mwenyewe, anaosha sahani. Baba Makau anajua. Nitakufa, watu wa Mungu. Nisaidieni."

Nyaguthii, mweka hazina, akaweka kikombe chini. Wote wakamgeukia Kiema.

Kiema akatabasamu, lile tabasamu la mume mwenye subira. "Ni homa," alisema. "Tangu jana anaongea vitu hazieleweki. Rudi ulale, Mama Makau."

Mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi ya Kiema yalikuwa sifa, lakini kilio kilikuwa cha mwingine.

Gakuru aliona wazi nani anasema kweli. Miaka ya kuuza ploti humfundisha mtu kumtambua mwongo. Akauchagua uongo, tena kwa raha. "Pole sana, mama," akasema. "Hatuwezi kuaibisha familia kama hii na shilingi zetu za kuokota. Wacha tuombe, tushukuru Mungu kwa hiyo kadi."

Nyaguthii alimrudisha Syokau kitandani, akamfunika, akaenda kuinamisha kichwa pamoja na wenzake. Gakuru aliomba kwa kirefu, akimsihi Mungu aijaze ile kadi hata imwagike. Kisha kamati nzima ikaitika amina, na kule nyuma ya pazia Syokau akasikia kwamba amina iliyopaa juu ya nyingine zote ilikuwa ya mume wake.