Meza ya Dirishani

Miaka kumi na mmoja mke wangu alichora kwa nta ya nyuki katika jumba la sanaa, kwenye meza ya dirishani. Udongo wa kaburi lake haujakauka, meneja akanijulisha kuwa meza inapewa mtu mwingine. Wakubwa ndivyo walivyo. Alipougua hawakumjua, amekufa, meza yake wanaijua.

"Meza ni ya mchoraji, mzee."

"Basi nitachora."

Akacheka. "Nionyeshe Jumamosi."

Mimi seremala, sijui kuchora hata kuku. Lakini nyumbani hakukaliki, kila kiti kinanichoma. Nikaenda. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akimsaidia kazi, akanitolea vitu: nta, utomvu mkavu wa kuifanya iwe ngumu, rangi za unga, brashi za manyoya, jiko la umeme.

"Moto mdogo, isitoe moshi," akasema. "Ukishapaka, pitisha joto juu, kila tabaka lishikane na la chini."

Ubao nilikuja nao mwenyewe. Nikapaka, nikapitisha joto, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikapaka tena. Ijumaa asubuhi nikagusa pembe. Nta ikabanduka yote kama gamba.

"Nta mbovu hii. Meneja ananunua takataka."

Shemeji akaunusa ubao. "Shemeji, umeupaka vanishi?"

"Mbao haiachwi uchi. Miaka thelathini sijatoa kazi bila vanishi."

"Nta inataka mbao iinywe. Wewe umeifungia mlango." Akacheka mpaka akashika meza. "Na dada alikuficha. Kila ubao uliomletea, aliukwangua upya."

"Zote?"

"Zote. Alisema ukiambiwa utanuna mwezi mzima."

Hasira zikanipanda, nisijue nimkasirikie nani, maana wa kugombana naye hayupo. Nikachukua msasa. Nilisugua mchana kutwa, hata chakula sikutaka.

Jumamosi meneja alikuta tabaka moja tu la manjano.

"Picha iko wapi?"

"Hebu ibandue."

Akatia ukucha. Akatia tena, kwa nguvu. Haikutoka. Akajifuta kidole kwa leso, akaitazama meza, akanitazama mimi.

"Haya. Jumatatu uje ujaze fomu."

Kumzika mke nilijaza fomu tatu. Kuketi alipoketi, ya nne.

"Nitakuja," nikamwambia. "Kalamu uje nayo wewe."