Waliosema Hawaogopi

Kavira hakumwamini Bertrand tangu walipopanda lori pamoja Butembo kuelekea Beni. Kavira alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Butembo. Bertrand naye alikuwa mwalimu, lakini wa mkoa wa mbali wa Équateur. Serikali ilimleta kufundisha kabla ya vita, na Kiswahili chake kilijaa Lingala kama cha wanajeshi. Mwaka ule wa 2001, kamati ya amani ya parokia iliwatuma kwenye kijiji karibu na Beni, ambako watu wa pande mbili za mto walikuwa wameuana kwa ajili ya mashamba ya kakao. Bertrand angepita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, Kavira angekaa na watu awasikilize. Kisha wangelinganisha walichopata, kamati ijue pa kuanzia upatanisho.

Majibu hayakulingana hata kidogo. Kwenye karatasi za Bertrand, karibu kila mtu alisema hamwogopi jirani wa ng'ambo. Kavira, akimenya maharagwe na Mama Jokébed, mkazi wa kijiji, alisikia mengine.

"Tunaogopa," Jokébed alisema, baada ya kuchungulia mlangoni. "Tangu nyumba ya kaka yangu ichomwe, hakuna mutu anavuka daraja. Hata soko, kila upande iko na yake."

Kavira akaanza kujiuliza ni nani anayetaka ionekane kumetulia. Jioni alimwona Bertrand akicheka na askari wa kizuizi cha barabarani, akimpa sigara. Huyu amejaza majibu mwenyewe, aliwaza, au kuna wakubwa anaowafanyia kazi.

Hakumwambia kitu. Alikwenda kwa mzee Mathe, mmoja wa waliohojiwa.

"Papa Mathe, ule mwalimu alikuja kukuuliza kweli?"

"Alikuja. Akauliza kama naogopa bale ba ng'ambo. Nikasema hapana."

"Lakini unaogopa?"

"Mwanangu, mutu anasema Lingala, anaandika kila neno. Ulitaka nimuambie nini? Kesho ba-militaire bakuje kuniuliza sababu gani naogopa?"

Kavira aliondoka kwa aibu. Alikuwa amemdhania Bertrand yale yale waliyomdhania wanakijiji.

Asubuhi alimweleza yote. Bertrand akasema, "Ile sigara ilikuwa ya kutupitisha, Kavira. Miaka hii yote nafundisha batoto benu."

"Najua. Unisamehe."

"Hapana, haujui." Akakusanya karatasi zake. "Basi, hizi tusizitupe. Tuzipeleke pamoja na maneno ya Mama Jokébed. Batu baone hofu imefika wapi, mpaka mutu anaogopa kusema anaogopa."

Kamati iliwaita wawakilishi wa pande zote mbili Butembo, mbali na masikio ya kijiji. Kavira alisoma majibu ya karatasi, kisha maneno aliyoyasikia, bila kumtaja mtu. Mwakilishi mmoja wa ng'ambo, aliyeitwa Kamate, akasimama ghafla.

"Kumbe nanyi munatuogopa sisi?"

Hakuna aliyekana. Mazungumzo yakaanzia hapo, wakakubaliana kujaribu soko moja karibu na daraja.

Siku za kwanza watu walinunua huku wamekumbatia vikapu vyao, wakarudi nyumbani mapema. Hata hivyo walivuka. Bertrand aliendelea na kazi ile, ila aliiomba kamati impe mwenzake mwingine, na Kavira hakuwa na neno la kumlaumu.