Orest Aingia Kamatini

Orest Hnatiuk hakuwa mchoyo wala mkorofi, ila kulikuwa na jambo moja lililomshinda maishani, nalo ni kupokea. Kutoa alijua. Trekta la jirani likizama kwenye tope, yeye ndiye wa kwanza kufika na mnyororo. Lakini ukimpelekea hata mtungi mmoja wa achari ya matango, kesho yake utamkuta mlangoni kwako kabeba miwili, uso umemkunjamana kama mtu anayelipa faini.

Kwa hiyo binti yake Kalyna alipochaguliwa kushindana mieleka kwenye mashindano ya vijana ya taifa huko Halifax, upande wa pili wa Kanada, na Mfuko wa Vijana Wanamichezo wa mji wao wa Zelena ukajitolea kumgharimia safari, Orest alikataa kabla mjumbe hajamaliza sentensi. Mjumbe mwenyewe alikuwa Gordie Lavallee, dereva wa basi la shule. Alikwenda kwa Hnatiuk akarudishwa, akaenda tena akarudishwa tena, safari hii na trei nzima ya mayai ya kumpoza. Mvua ya mawe ilikuwa imelaza ngano yote ya Orest mwaka ule, na mji mzima ulijua kwamba nauli ya Halifax hana. Kalyna hakulia wala hakununa. Aliingia ghalani akaendelea na mazoezi yake ya kuangusha magunia, na kila kishindo baba yake alikisikia akiwa jikoni.

Sababu hakuwahi kumweleza mtu. Alipokuwa mdogo alivaa koti la msaada kutoka kanisani, na mwanafunzi mwenzake akalitambua kuwa lilikuwa lake, akawaonyesha darasa zima kiraka kilichoshonwa na mama wa huyo mwenzake. Orest alimaliza majira yale ya baridi, baridi kali ya jimbo lao la Saskatchewan, bila koti.

Mwezi wa Novemba akapigiwa simu na Mwalimu Olha Prystupa, mwenyekiti wa mfuko. Mwalimu Olha alimfundisha Orest shule ya msingi, na mpaka wakati huo bado alizungumza naye kama anayemkagua kucha. Alisema mjumbe mmoja wa kamati ameteleza barafuni akavunjika nyonga, na wanahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti chake mchana mmoja tu. Orest akaona ameombwa kutoa muda wake, akakubali palepale. Nadia, mkewe, alimpigia pasi shati kwa bidii ambayo ingemshtua mwanamume mwangalifu zaidi.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Jikoni akina mama walikuwa wakikunja pirohi, vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, kwa ajili ya karamu inayoujaza mfuko kila mwaka, na harufu ya vitunguu ilikuwa imetanda kila mahali. Mwalimu Olha alianza kwa kueleza kanuni: majina ya vijana hayatajwi, wala michezo yao, ili mtu asipendelee jamaa zake. Kanuni hiyo ilikuwa imezaliwa wiki ileile, lakini Orest hakujua. Aliona ni kanuni nzuri, akaisifu.

Vijana wa mwanzo walipitishwa bila ubishi. Kisha Mwalimu Olha akashusha pumzi.

"Huyu wa mwisho ana kipaji kuliko wote. Pesa ipo. Tatizo ni baba yake, hataki."

"Hataki nini?" Orest akauliza.

"Hataki mtoto asaidiwe. Anasema wao si ombaomba."

Orest akataka kujua kama mtu huyo ana uwezo wa kumpeleka mtoto mwenyewe. Lavallee, macho yake ndani ya kikombe cha kahawa, alijibu kwamba hana, mwaka umemwendea vibaya. Na mtoto, anataka kwenda? Mwalimu Olha akasema anataka mpaka inauma kumtazama.

"Basi huyo baba ni punda," Orest akasema. "Akitaka kujinyima mwenyewe, ajinyime, hata akila majani shauri yake. Lakini mtoto kamkosea nini? Hiyo si heshima, Mwalimu, hicho ni kiburi kimevalishwa tai. Nipeni jina lake niende leo hii nikamwambie usoni."

Lavallee alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Kule jikoni sauti za sufuria zilikuwa zimekoma. Mwalimu Olha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Orest kama zamani alipokuwa akimsubiri apate jibu mwenyewe.

Joto lilimwanzia masikioni, likashuka shingoni. Akakumbuka ile pasi ya Nadia.

"Mwalimu," akasema polepole, "huyo mtoto anacheza mchezo gani?"

"Kanuni hairuhusu."

"Anaangusha magunia ghalani?"

"Nimesikia hivyo."

Buti za Orest zilikuwa zimeshageukia mlango. Angeona uso mmoja tu wa dharau, angeondoka. Aliutafuta, akaukosa. Alichoona ni Lavallee akijifuta machozi ya kicheko, na akina mama wamesongamana mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, wakimngoja kama watu wanaongoja keki iive. Kicheko kikamtoka naye, kidogo kwanza, halafu mpaka akashika meza.

"Mpeni," akasema. "Huyo punda niachieni mimi."

Aliweka sharti moja tu, kwamba siku ya karamu ataosha vyombo vyote. Mwalimu Olha alimwambia hilo lilikwisha kupangwa.

Siku hiyo Kalyna alimkuta baba yake amefunga aproni ya maua, povu mpaka mabegani, akamuuliza ni nani hasa aliyembadilisha mawazo.

"Mjumbe mmoja wa kamati," Orest akasema. "Ana mdomo mchafu sana."

Huko Halifax, Kalyna alishinda mapambano ya mwanzo, kisha akabanwa mgongo chini na msichana wa jimbo la Kebeki mwenye shingo kama nguzo ya lango. Akajikusanya, akapigania nafasi ya tatu, akaipata. Alipopiga simu alisema kwa kasi mpaka Nadia akaomba aanze upya. Orest alisubiri zamu yake, na simu ilipomfikia alimuuliza kwanza kama amekumbuka kuwashukuru watu wa mfuko.

"Nimewashukuru wote, Baba," Kalyna akasema. "Mbona si kazi ngumu."