Joto la Kichwa cha Shangazi

Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki alinifundisha shangazi, dada yake baba, katika saluni yake ya viti viwili: kuonja joto la maji kwa kiwiko kabla ya kummwagia mteja, kufungua fundo la nywele bila kumtoa mtu machozi, na kufunga mdomo wateja wanapofungua yao. Kwa miaka sita nimeosha vichwa vya watu, na mkate wangu umetoka humo.

Kisha shangazi akakojoa damu. Hakusikia maumivu, na kesho yake mkojo ukarudia rangi yake, naye akasema, "Limepita hilo." Halikupita. Hospitali walimwambia ni saratani ya kibofu cha mkojo. Angewekewa dripu za dawa mara nne, ndipo afanyiwe upasuaji.

Baada ya dripu ya pili nywele zilimtoka mafungumafungu, nikamnyoa zilizobaki. Akajitazama kwenye kioo cha wateja.

"Mganga hajigangi," akasema. "Msusi mwenye kipara! Nani ataniamini?"

"Watadhani siku hizi tunanyoa."

Alicheka mpaka akakimbilia chooni. Chooni alikuwa hakauki, maana aliagizwa anywe maji mengi ili dawa isimwumize figo, na kibofu chake hakikuwa na subira. Chakula kilimkataa. Alisema hata uji una ladha ya msumari. Vidonda vilipomtoka mdomoni, nesi akamwambia amumunye barafu. Basi akawa anashinda na bakuli la barafu mapajani, kama mtoto na peremende.

Nesi huyo alitupa sharti moja. "Dawa hii inapunguza askari wa mwili, zile chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Joto likifika thelathini na nane, njooni hapohapo, msingoje kesho. Homa kwake si kama homa kwangu na kwako." Kwa hiyo kila asubuhi na jioni shangazi aliweka kipima joto chini ya ulimi, akasoma, nami nikaandika.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kumpaka mafuta kichwani, kwa kuwa ngozi ilikuwa imekauka. Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya dripu ya tatu, nilimgusa utosini mikono yangu ikashtuka.

"Shangazi, una homa."

"Nimepima sasa hivi. Thelathini na sita na nusu. Andika."

"Lakini kichwa ni cha moto."

"Na mkono wako umesomea udaktari wapi, mwanangu? Kipima joto kimetengenezwa na watu wenye digrii zao."

Mwalimu, mteja wetu wa kila Jumamosi, alicheka huku ameinamia karai. Niliandika thelathini na sita na nusu. Nilijua anachokiogopa. Tangu juzi alikuwa anasema homa ikitokea dripu itaahirishwa, na upasuaji nao utasogea, naye alitaka kitu kile kimtoke mwilini haraka.

Nikaendelea kumwosha Mwalimu. Kichwa chake kilikuwa kama vichwa vyote. Nikajikausha mikono, nikarudi kwa shangazi, nikaweka tena kiganja. Moto ule ule. Nikaanza kumtazama vizuri. Amevaa sweta, sisi tunajipepea. Mwalimu amemsifia kipara chake kwa uongo, naye hakumtania. Alikuwa anatafuna barafu tu, kipande baada ya kipande.

"Leta hicho kidude," akasema hatimaye, "nikunyamazishe." Hata sikuwa nimesema kitu. Akatema barafu kwenye bakuli, akaweka kipima joto chini ya ulimi.

Hapo ndipo nilipoona.

"Shangazi, ulimi umetoka kwenye barafu sasa hivi. Utaachaje kuwa baridi?"

Akanitazama, kipima joto kikimning'inia mdomoni. Mwalimu akainua kichwa, povu likimchuruzika shingoni.

"Mtoto amesema kweli, dada. Kiweke kwapani."

Akakiweka kwapani, akikunja uso. Tulingoja. Kilipolia alikitoa, akakisogeza mbali na macho, kisha akanipa mimi.

"Soma."

"Thelathini na nane na pointi saba."

Alilitazama lile bakuli kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Siku ngapi najidanganya?" akauliza. Kisha akaona ninavyomtazama. "Usinililie hapa. Niletee viatu."

Mwalimu hakungoja nimsuuze sawasawa. Alijifunga taulo, akachukua funguo za gari lake, akatupeleka hospitali povu likiwa bado masikioni.

Walimtoa damu. Askari wa mwili walikuwa wachache mno, na maambukizi yalikuwa yameanzia kwenye mkojo. Kabla saa haijaisha walikuwa wamemwekea dawa mshipani. "Mngengoja Jumatatu," nesi alisema, "tungekuwa tunaongea mengine." Alipomwambia dripu itasogea wiki moja, shangazi aligeukia ukutani akalia kidogo. Halafu akajifuta, akamshukuru nesi, akamshukuru na mfagizi aliyekuwa anapita tu.

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya nne nilimkuta kwenye kitanda cha jirani, amejikokota na mti wake wa dripu, anamhoji mama mmoja mwenye bakuli kama lake. "Ulipima kabla ya barafu au baada? Sema kweli. Mimi nimeokolewa na mtoto wa kaka yangu, yule pale, mwosha vichwa." Nikageuka nikakunja nguo zake ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Wiki iliyofuata askari wa mwili wake walikuwa wameongezeka, wakamwekea dripu ya tatu. Njiani tukirudi nyumbani alitapika mara mbili kwenye mfuko, akamwomba dereva wa teksi radhi, kisha akalala begani kwangu. Mkono wangu ulikufa ganzi. Sikuusogeza mpaka tulipofika.