Mdundo wa Pili

Sindano alikuwa na kiburi cha aina yake, na kiburi hicho kilikwishamnyima kombe mara mbili. Kabla ya ajali alicheza tenisi kwa miguu, na wa miguu huuwahi mpira ukiwa umedunda mara moja tu. Mchezaji wa kiti cha magurudumu anaruhusiwa midundo miwili. Sindano aliiona ruhusa hiyo kama sadaka, naye hakuzaliwa mtu wa kupokea sadaka. Basi alikimbilia kila mpira roho juu, auwahi mdundo wa kwanza. Ukimpita, huuacha uende zake.

Mumewe, fundi baiskeli aliyekiunda kiti chake kwa mikono yake mwenyewe, alishachoka kusema. Siku moja kabla ya mashindano makubwa alimkuta kwenye cherehani akishona gauni la mteja. Akamuuliza kwa nini kila nguo anaiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Sindano akamjibu kwamba mwili hubadilika, na fundi asiyeacha akiba anamwibia mteja.

"Sasa mbona akiba yako mwenyewe unaitupa?" mumewe akasema.

Sindano alinuna mpaka chakula cha jioni, na alizidi kununa kwa sababu alijua ameshikwa pabaya.

Lakini mazoea yana taabu. Raundi za mwanzo na nusu fainali alizishinda kwa ubishi uleule, mabega yakimwaka moto. Fainali akakutana na Mwalimu, bingwa mtetezi, mama mpole nje ya uwanja na asiye na huruma ndani yake. Yeye ndiye aliyemfunga mara zote mbili, na tabia ya Sindano aliijua nje ndani.

Seti ya kwanza Sindano aliichukua, ya pili akanyang'anywa. Ya tatu walivutana mpaka ikabaki pointi moja tu alitwae kombe. Aliogopa, asikudanganye mtu.

Mwalimu akaunyanyua mpira juu, ukampita Sindano kichwani, ukadunda ndani kidogo ya mstari wa mwisho na kuendelea. Mwalimu akajua kazi imekwisha, akageuza kiti kurudi nyuma. Moyo wa Sindano ulimwambia auache, kama siku zote. Akaukatalia. Aliupa wavu mgongo, akasukuma magurudumu hadi nje ya mstari, kule ambako mdundo wa pili bado ni halali. Mpira ukadunda karibu na ukuta. Akauacha uinuke, akageuka, akaupiga kwa nguvu zote alizobakiza.

Ulivuka wavu ukatua pembeni. Ukadunda mara ya pili, ukadunda ya tatu, na Mwalimu bado anahangaika kukigeuza kiti.

Uwanja mzima ulisimama. Sindano alilia mbele za watu bila aibu, kwa furaha tupu. Mwalimu alikuja kwenye wavu, akamshika mkono, akamuuliza tangu lini amejifunza kungoja.

"Tangu leo, dada yangu. Na nilichelewa sana."

Mumewe akashuka mbio kutoka jukwaani, nusura ajikwae kwenye ngazi. Alifika akihema, akalipokea kombe, akalipangusa kwa shati lake. Sindano alimtazama, akaona jinsi anavyoumia kwa kujizuia.

"Haya, sema," akamwambia. "Leo una haki."

"Mimi nilishasema," mumewe akajibu, "ulipokuwa ukishona."