Sweta na Jerikani

Januari ilikuwa kavu pale Saboti. Edah alipokunja karatasi ya nailoni aliyofunikia mahindi, ikalia ta-ta-ta na kumdunga kidole, na kule ndani ya stoo yenye giza akaona cheche ndogo ya buluu. Kila kiangazi ilikuwa hivyo. Lakini sasa binti yake, Nasimiyu, alikuwa akiuza petroli kwa jerikani za plastiki kando ya barabara kule Kanduyi, Bungoma, na tangu siku hiyo Edah hakutulia.

Akapiga simu. Nasimiyu akacheka, akasema nailoni ya mahindi si waya wa stima. Edah akapiga tena jioni, akapiga asubuhi, mwisho akajikuta stendi ya Kitale na sweta lake zito, anaenda Bungoma kujionea.

Alimkuta binti akisugua jerikani kwa sweta kuukuu la shule. Pale Kanduyi watu wa bodaboda huchagua jerikani inayong'aa. Yenye vumbi wanaisema ati mafuta yake yametiwa maji. Nasimiyu alisugua mpaka nyasi kavu zikaruka zenyewe na kuganda kwenye plastiki.

"Hizo nyasi zinavutwa na nini?" Edah akauliza.

"Mama, huo ni mchezo wa watoto wa shule."

Job, mwendesha bodaboda na mteja wa kila siku, akasema si basi wajaribu, mama apate kulala. Jioni hiyo manyunyu yalikuwa yamepita na hewa ilikuwa nzito. Wakaenda mbali na kibanda, wakadondosha petroli kidogo kwenye kifuniko, Job akasugua jerikani tupu na kuisogeza karibu na petroli ile. Kimya. Akasugua tena kwa nguvu. Kimya.

"Hii haiwezi kupasha hata chai, bana," akasema. Watu wakacheka. Edah naye akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kesho yake jua lilikuwa kali na upepo mkavu. Kabla ya kurudi nyumbani alitaka kusaidia, kama mama yeyote. Akavua sweta lake mwenyewe, akasugua jerikani ndogo mpaka ikameta. Nasimiyu akaiwekea faneli ya bati, akamimina petroli kutoka kwenye jerikani kubwa, akaifunga ile kubwa na kuisukuma kando. Halafu akanyoosha mkono kuitoa faneli.

Ikalia ta, sauti ileile ya Saboti, na moto ukasimama mdomoni mwa jerikani.

Job akamvuta Nasimiyu nyuma. Edah akanyakua gunia bichi lililofunika sukuma wiki ya jirani, akaufunika mdomo ule na kukandamiza mpaka moto ukafa. Mkono wa Nasimiyu ulikuwa umebabuka, na nyusi zimeungua.

Hospitalini Edah alishindwa kumtazama. "Ni mimi nilisugua."

"Na ni mimi nilikuambia ni mchezo," Nasimiyu akasema. "Tulijaribu jioni ya manyunyu, mama, na hewa ikiwa na unyevu cheche hazitoki. Hatukuwa tumejaribu kitu."

Mkono ulipopona alirudi kazini, na mafuta akayatia kwenye madebe ya chuma. Edah bado hatulii. Nailoni ikilia tu kule stoo, anapiga simu.

"Madebe yana vumbi?"

"Yana vumbi, mama. Job analalamika."

"Mwache alalamike."

Na hakati simu mpaka amsikie binti akipiga chafya ya vumbi.