Shuka Lenye Tundu

Bingwa wa masikio alikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Haingii chumba cha upasuaji mpaka mgonjwa amelala usingizi wa dawa na kufunikwa shuka la kijani gubigubi, uso na yote, libaki tundu moja tu la kutokezea sikio. "Mimi natibu sikio," husema, "sikuja kuamkia watu." Wanafunzi wake wakacheka, wakaandika daftarini, na wao wakawa vivyo hivyo. Miaka arobaini na tano hospitali ile imepasua masikio kwa kuchungulia tunduni kama panya.

Bibi Masweta, aliyeitwa hivyo kwa kufuma masweta ya shule, alilijua shuka lile kuliko yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, sikio la kushoto likimtoka usaha, la kulia zima kama la paka. Wakamfunika, Bingwa akaja, akakuta sikio limetokeza tunduni, akalipasua. Lilikuwa la kulia. Likafa siku ile ile. Mwezi uliofuata akapasua la kushoto, likapona kweli, hilo hakunyimwa sifa yake. Baba wa msichana akaambiwa ashukuru kwa lililopona, naye akashukuru, maana maskini hana kinywa mbele ya koti jeupe.

Sasa Bingwa alikuwa mzee amestaafu, na hospitali ilimfanyia sherehe. Kikachapwa kijitabu chenye picha yake kwenye jalada, kidevu juu kama jogoo aliyepanda juu ya paa. Bibi Masweta alikisoma taratibu, neno kwa neno, kwa kile kisomo chake cha darasa la nne. Kiliandika kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa binti kiziwi wa masikio yote mawili, na Bingwa akamrudishia moja.

"Kumbe nilizaliwa kiziwi," Bibi Masweta akamwambia mjukuu wake. "Na mama yangu alikuwa akiniita kwa mkono."

Mjukuu huyo ndiye aliyemfanya Bibi avumilie yote. Alikuwa na miaka tisa, wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Sikio lake la kushoto lilikuwa limetoboka ndani, likitoa usaha tangu ana miaka miwili. La kulia ndilo alilosikilizia dunia. Hospitali nyingine ya masikio haikuwepo, na wakubwa wakaona itapendeza siku ya sherehe mjukuu wa mgonjwa wa kwanza apasuliwe na mrithi wa Bingwa, wageni wakitazama nyuma ya kioo.

Asubuhi ile Bibi alimfuata Mrithi wodini.

"Baba, kabla hujamkata, nakuomba umfunue uso umtazame. Uhakikishe ni la kushoto."

Mrithi alikuwa mtu wa miaka hamsini, lakini kucheka alicheka kama kijana aliyenunua viatu vipya. "Bibi, tuna faili. Sikio la kushoto, uso unaelekezwa dirishani. La kulia, uso ukutani. Nesi anaweza kufanya hivyo amefumba macho."

"Hayo macho ya kufumba ndiyo yanayonitisha."

"Bingwa ametufundisha vizuri, bibi yangu. Wewe mwenyewe si ndiye ushahidi?"

"Ndiyo," akasema Bibi Masweta. "Mimi ndiye ushahidi."

Akampeleka Chiriku mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa akimsimulia nesi habari za mwalimu wao anayekoroma, na alikuwa bado anasimulia mlango ulipofungwa.

Bibi akawekwa mstari wa mbele, kiti cha heshima, na Bingwa kando yake, upande wa kulia. Nyuma yao wakuu wa hospitali, mpiga picha, na wake za wakuu walionukia marashi mpaka pua inawasha. Bingwa akaanza kumnong'oneza jambo. Alinong'ona kwa muda mrefu, akitabasamu, akimwinamia lile sikio alilolimaliza yeye mwenyewe. Bibi hakusikia hata neno, wala hakugeuza shingo. Kama alikuwa anaomba radhi, basi aliiomba mahali pake.

Pazia la kioo likafunguliwa. Chiriku alikuwa ameshafunikwa, sikio dogo limetokeza tunduni. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Siku zote kichwa kilikuwa upande wa mlango, lakini leo kimeletwa upande wa kioo ili wageni waone vizuri, na miguu ikaenda mlangoni. Nesi, kwa mazoea yake ya miaka kumi na nane, alikuwa amemwelekeza mtoto uso dirishani.

Bibi akalitazama lile sikio. Lilikuwa safi, kavu, likimetameta kama kijiko kilichofutwa. Sikio lile lingine alilisafisha yeye kila asubuhi kwa miaka saba, na ngozi ya nyuma yake ilikuwa imechubuka kwa usaha.

Akainuka, akagonga kioo.

Mrithi, kisu mkononi, hakuinua kichwa. Bingwa akamshika Bibi mkono, akamwambia akae, lakini alimwambia upande ule ule wa kulia, kwa hiyo maneno yakapotea njiani. Bibi akavua kiatu, akagonga kwa kisigino. Mke wa mkuu mmoja akasema nyuma yake kwamba ndiyo hasara ya kualika watu wa namna hii.

"Mfunue!" Bibi akapaza sauti. "Hilo ni zima. Mfunue umtazame."

Mrithi akamtazama Bingwa kupitia kioo, kama mtoto anayeuliza kama aamkie wageni. Bingwa akamwashiria kwa kichwa: endelea. Lakini kisu hakikushuka. Huenda ni kile kiatu, huenda ni macho ya wageni wote. Akaliinua shuka kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria asiyoipika yeye. Akaukuta uso wa Chiriku. Akaugeuza. Chini kulikuwa na sikio lenye pamba iliyolowa.

Nesi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wakamgeuza mtoto, wakamsafisha upya, wakaanza kwa lile lililokuwa na ugonjwa.

Ndipo Bingwa akasimama, akashika kipaza sauti. Wageni wakamgeukia.

"Mmeona?" akasema. "Huu ndio utaratibu niliouanzisha. Kabla ya kukata, funua, hakiki. Leo tumewaonyesha kwa vitendo, kwa msaada wa mgonjwa wangu wa kwanza."

Wakapiga makofi. Mkuu mmoja akaandika kijitabuni. Bibi Masweta akavaa kiatu chake, akafunga kamba polepole, maana aliogopa kwamba akiinua uso mapema atacheka, na kicheko kile kisingekuwa na adabu.

Jioni Chiriku aliamka, bandeji imemzunguka kichwa. Bibi akamwinamia upande wa kulia, akanong'ona kwa sauti ndogo kabisa.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Bibi. Unanuka chai."

Bibi akakaa kitandani. Mtoto alikuwa ameshaanza kumalizia habari za mwalimu anayekoroma wakati Bingwa alipoingia na mpiga picha, akiwa amenyoosha mkono ili auweke juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Usimguse," Bibi Masweta akasema.

"Ni picha tu, mama. Ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu yako ninayo mimi, hapa." Akagusa sikio lake la kulia, kisha akavuta pazia la kitanda, akamwambia Chiriku aendelee.